Kosa Alilobeba Lenku

Kila siku baada ya kengele ya kutoka shuleni, Mwanaisha na Lenku walipitia stendi ya mabasi ya Korogwe. Mwanaisha alichukua beseni la karanga kwa mama yake akaanza kuuza, na Lenku akakaa kando akizifunga kwenye vikaratasi. Karanga zikiisha, walirudi nyumbani Kilole pamoja.

Hawakuwa ndugu wa damu. Kwao Lenku ni nyikani huko Handeni, mbele ya Misima, katika familia ya wafugaji. Baba yake, Mzee Meshaki, alikuwa rafiki wa siku nyingi wa Mzee Kibwana, baba yake Mwanaisha, ambaye alinunua na kuuza ng'ombe mnadani. Urafiki huo ndio uliompatia Lenku pa kukaa alipokuwa akisoma darasa la sita.

Kabla ya kufika nyumbani, walipenda kusimama kwenye karakana ya dada Josefina. Ilikuwa miaka ile ambapo biashara ilikuwa imefunguliwa na mitumba haikuwa tena nguo na viatu tu. Kompyuta zilizochoka huko Ulaya zilishushwa bandarini, zikaletwa hadi Korogwe. Josefina, binti kutoka Magoma aliyesomea ufundi Tanga, alizifungua na kutenga vifaa vizima na vibovu. Watoto hao wawili walikaa juu ya kreti za soda wakimtazama. Lenku alikuwa na mikono mitulivu. Josefina alimwachia hata zile skrubu ndogo kama punje za mtama, naye hakuangusha hata moja.

Karibu na stendi palikuwa na kibanda ambapo watoto walilipa ili wacheze mpira kwenye kompyuta. Lenku alikuwa mzito kuuzoea mchezo, na wenzake walimnyang'anya kibodi kabla zamu yake haijaisha. Siku moja alitoka pale, akatembea mwendo mrefu, kisha akasema, "Mwanaisha, tuunde ya kwetu."

Lenku aliuza mbuzi aliyepewa na mama yake. Mwanaisha alitoa akiba yake ya karanga. Kidogo kidogo walinunua kasha, bodi kuu, prosesa, diski na kioo cha kompyuta cha zamani. Vikabaki vifaa viwili tu, na hapo ndipo Josefina alipowaketisha chini.

"Sikilizeni wadogo zangu," alisema. "Hii ni kadi ya picha. Ndiyo inayochora wachezaji na majani ya uwanja. Ikiwa kubwa, picha zinapendeza. Na hii hapa," akagonga kisanduku cha chuma chenye feni, "tunaiita pawa. Inapokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kifaa ndani ya mashine. Umeme wetu mnaujua, mara unashuka, mara unapanda ghafla. Pawa mbovu inaweza kuunguza kila kitu. Fedha yenu haitoshi kupata vyote viwili vizuri. Ningekuwa mimi, ningechukua pawa imara na kadi ya wastani."

"Majani yataonekanaje?" aliuliza Mwanaisha.

"Kama mkeka wa kijani. Lakini mpira utachezeka."

Lenku alicheka. "Mbuzi hawatakuja kula majani hayo. Tuchukue pawa imara."

Josefina aliiweka pawa hiyo chini ya meza na kuwaambia waifuate Jumamosi asubuhi, kabla hajasafiri kwenda Tanga kutafuta vifaa. Ijumaa Lenku aliitwa nyumbani kumwona bibi yake aliyekuwa mgonjwa. Alimkabidhi Mwanaisha fedha yote na kwenda zake bila wasiwasi.

Jumamosi Mwanaisha alitoka akiwa na nia njema kabisa. Lakini alipopita kwenye kile kibanda cha michezo, kijana mwenye kibanda, aitwaye Ramadhan, alimwita. Alikuwa na kadi kubwa ya picha aliyotaka kuiuza. Aliiwasha akamwonyesha. Majani ya uwanja yalisimama moja moja, na kivuli cha kila mchezaji kilimfuata nyuma.

"Na pawa?" Mwanaisha aliuliza, macho yakiwa bado kwenye kioo.

"Pawa hii hapa, mpya, haijatoka kwenye boksi. Bei ya kutupa. Huyo fundi wenu anawatisha tu."

Mwanaisha alifikiria jinsi wenzake watakavyokuja nyumbani kwao kuyatazama majani yale. Akanunua vyote viwili. Kwa Josefina hakwenda.

Lenku aliporudi Jumapili, kitu cha kwanza alichoulizia baada ya salamu kilikuwa pawa. "Umeichukua ile pawa ya dada Josefina?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli, na Mwanaisha alipajua. "Ndiyo, ile ile," alijibu. "Tena amenipunguzia bei, nikapata na kadi kubwa."

Lenku aliinyanyua pawa, akaigeuzageuza. "Mbona nyepesi? Nilidhani ile ilikuwa nzito."

"Wewe nawe! Umesahau tu."

Lenku hakubisha. Alikaa sakafuni sebuleni na kuunga nyaya moja baada ya nyingine kama alivyofundishwa. Walipowasha, mashine ilinguruma, kioo kikajaa kijani. Lenku alifunga bao akaruka juu. Mwanaisha naye akaruka. Kwa muda mfupi hapakuwa na watoto wenye furaha kuwazidi Kilole nzima.

Kisha taa ya darini ikafifia, ikawaka kwa ukali. Ndani ya kasha kukasikika kishindo, moshi mweusi ukatoka, na pazia lililokuwa karibu likaanza kushika moto. Lenku aliurukia waya na kuuchomoa ukutani, cheche zikimrukia vidoleni. Mama yake Mwanaisha alilivuta pazia chini na kulikanyaga mpaka likazimika. Lenku alipelekwa zahanati, akafungwa bandeji mkono wa kulia.

Jioni Mzee Kibwana aliwaita. "Nani aliunga nyaya?"

"Mimi, baba," alisema Lenku. "Nadhani nilikosea mahali."

Alimtazama Mwanaisha kama mtu anayeomba radhi. Mwanaisha hakumsahihisha. Akainamisha kichwa.

Wiki ile ile shule zilifungwa, na Mzee Meshaki akaja kumchukua mwanawe. Aliposikia habari, uso ulimsawijika kwa aibu. "Mtoto wangu amekaribia kuunguza nyumba ya rafiki yangu," alisema. "Hatarudi kuwasumbua tena. Nitamtafutia nafasi shule ya karibu na nyumbani." Mzee Kibwana alimsihi abadili mawazo, lakini hakukubali.

Basi lilipokuwa likinguruma stendi, Lenku alimsogelea Mwanaisha. "Nisamehe," alisema. "Nimeipoteza akiba yako yote."

"Haidhuru," alijibu Mwanaisha.

Basi likaondoka. Neno hilo lilibaki kinywani mwake likiwa chungu. Alilikumbuka akila, akiuza karanga, akipita mbele ya kile kibanda. Lenku alikuwa amemwomba msamaha, naye akampa, kana kwamba alikuwa na haki ya kuutoa.

Josefina aliporudi kutoka Tanga baada ya wiki mbili, Mwanaisha alimpelekea ile mashine. Fundi aliifungua, akaichomoa pawa iliyoungua na kuipima uzito kiganjani. Aliinama chini ya meza, akatoa nyingine, nzito, yenye vumbi, na kuiweka kando yake.

"Hii ndiyo niliyowawekea," alisema taratibu. "Nilikungoja asubuhi ile. Lenku yuko wapi?"

"Amerudi kwao."

"Anajua?"

Mwanaisha alitikisa kichwa kukataa, machozi yakamtoka.

"Basi mashine ingoje," alisema Josefina. "Kosa hili haliko ndani ya kasha. Anza na baba yako."

Mzee Kibwana alisikiliza hadi mwisho. Hakumchapa, wala hakumfokea. Kesho yake alivaa kofia yake, wakapanda basi hadi Misima, kisha wakashika njia ya vumbi kwa miguu mpaka nyumbani kwa Mzee Meshaki.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanaisha, akiinamisha kichwa. Mzee Meshaki alimgusa utosini, kama ilivyo desturi ya kwao, na kuitikia, "Marahaba, mwanangu."

Lenku aliitwa kutoka kwenye zizi la ndama. Mbele ya wote, Mwanaisha alisema yote: Ramadhan, kadi kubwa, pawa nyepesi, uongo wa Jumapili na kimya cha jioni ile.

Lenku alitazama makovu ya vidole vyake. "Juzi mchungaji mmoja wa ng'ombe alileta redio yake niitazame," alisema. "Nilikataa. Nilimwambia mikono yangu inaunguza vitu."

Mama yake Lenku, Noonkipa, aligeuka upande na kujifuta macho kwa ncha ya shuka. Mwanaisha alitamani ardhi immeze.

"Anaweza kurudi Kilole?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana," alisema Mzee Meshaki. "Nimekwisha kuongea na mwalimu mkuu wa hapa, amempa nafasi ambayo wengine waliikosa. Siwezi kuichezea." "Binti, kuchagua vibaya si ajabu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua ng'ombe mgonjwa kwa sababu ya pembe zake nzuri. Lakini ulimwacha mwenzako abebe kosa lisilo lake, na mimi nikamwongezea uzito." Akamshika mwanawe bega. "Nami nisamehe, Lenku. Sikukuuliza."

Likizo ya Desemba Lenku alikuja Kilole kutembea. Kwa wiki kadhaa Mwanaisha alikuwa akifagia karakana ya Josefina na kusafisha vifaa vya zamani ili apate bodi nyingine, kadi ya wastani na ile pawa nzito, na sasa kila kitu kilikuwa mezani. Alimsogezea Lenku bisibisi. Lenku hakuipokea.

"Hiyo pawa nionyeshe kwanza," alisema.

Hakusema kwa hasira. Aliipima mkononi, akasoma maandishi yake, akamtazama Josefina mpaka fundi alipotikisa kichwa kukubali. Ndipo akaanza kufunga skrubu kwa mikono ile ile mitulivu. Mashine iliwaka bila taabu. Majani yalikuwa kama mkeka wa kijani, na mpira ulichezeka.

Lenku alipotoka kwenda kunywa maji, Mwanaisha alinong'ona, "Zamani asingeuliza."

"Ndiyo, asingeuliza," Josefina alijibu. "Wala usimkasirikie. Kifaa kikiungua, mimi nakubadilishia. Ukimdanganya mtu anayekuamini, duka la kununulia imani nyingine halipo. Sema ukweli leo, useme na kesho, hata kwenye mambo madogo, na umwache aulize kila anapotaka. Siku moja ataacha mwenyewe."

Lenku alirudi akakaa. Mwanaisha alimsogezea kibodi, safari hii bila kuhesabu zamu ni ya nani.