Simu Nyepesi

Simu ilimrudia Katunge ikiwa nyepesi. Aliipima kiganjani, kisha akajicheka, maana tangu lini chaji ikawa na uzito? Mawingu yalikuwa yamefunika kijiji cha Nuu tangu Jumapili, sola ya paa haikuwa na kazi, kwa hivyo jirani yake Kavindu alikuwa ameipeleka dukani kwa Aftin, huko sokoni, ikachajiwe. Asubuhi hiyo aliirudisha imefungwa kwenye kitambaa, akamwambia iko sawa, akakimbia kabla mvua haijamkuta njiani. Hata chai hakunywa, na Kavindu kukataa chai si jambo la kila siku.

Katunge akaiweka mezani, akaketi kusikiliza mvua ikipiga mabati. Wenye magoti mazima walikuwa wamepanda ndengu zao; magoti yake, alizoea kusema, yalistaafu kabla yake. Alikuwa amehamishia jiko la makaa ndani, jiko la nje akaliacha baridi, na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa ukitokota. Alikuwa na kazi moja tu, kumngoja Nzisa. Bintiye alikuwa atoke mjini Mwingi siku hiyo, mimba imeshafika mwisho, aje ajifungulie mikononi mwa mamake.

Nzisa ndiye mtoto pekee aliyebaki. Kaka zake wawili, Mulwa na Nzomo, walizikwa, kila mmoja wakati wa mvua, bila ugonjwa wa maana. Watu walisema, na Katunge hakuwa na nguvu ya kubisha, kwamba marehemu mumewe Ndululu alirudi na jini kutoka safari zake za lori. Alilipata huko Mtito Andei kwa mtu aliyemwahidi mali. Mali ilikuja kweli, ila jini nalo lilikuwa na chakula chake.

Ndululu alipokufa, pasta Musyimi alikuja na waumini, wakaomba mpaka sauti zikakauka, wakaichoma pembe ambayo marehemu alitunzia ugoro wake. Kabla ya kuondoka pasta alimketisha Katunge na Nzisa.

"Limetoka," alisema, "lakini litarudi kubisha. Litakuja na sauti ya mtu wako. Usilifungulie."

Mchana ulipokuwa umeanza kuingia giza kwa mvua, simu ikalia.

"Mwaitu," sauti ya Nzisa ikasema, jinsi Mkamba amwitavyo mamake. "Mto umejaa. Gari imerudi Mwingi, nitakuja kesho."

Katunge alimshukuru Mungu kwamba binti yake hakujaribu kuvuka. Akamwambia alale kwa amani.

"Na mtu akikuja hapo na sauti yangu, usifungue. Si unakumbuka vile pasta alisema?"

Simu ikanyamaza. Harufu ya ugoro ikapita chumbani, kali, ya kuwasha pua, na Katunge akaenda kutia komeo mlangoni. Makaa yalikuwa hayajafifia aliposikia hodi.

"Mwaitu, ni mimi. Nifungulie, uchungu umenishika."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Katunge alikuwa ameumwa mara mbili. Alisimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Dirishani hakuthubutu kuchungulia.

"Nzisa ako Mwingi," alisema kwa sauti ya chini. "Tumeongea sasa hivi."

"Hatujaongea, Mwaitu. Nimekupigia tangu asubuhi, simu yako imezimwa. Nilivuka kabla mto ujae. Tafadhali."

Hapo mashaka yakamtoka. Simu ililia, aliisikia kwa masikio yake, na huyu wa nje anasema imezimwa. Basi ni mwongo, na mwongo huyo ni nani kama si lile lililomla Mulwa na likamla Nzomo, na sasa limesimama kwenye veranda yake likilia kwa sauti ya mwanawe wa mwisho, likikwaruza mbao kwa kucha, likitaja majina ya kaka zake, likiita na kunyamaza na kuita tena huku mvua ikizidi na yeye akisukuma mlango kwa bega na kusoma Zaburi asiyoweza kuimaliza, kwa sababu moyo wa mama haujui jini wala malaika, unajua sauti tu, na sauti ile ilikuwa inamrarua.

Hakufungua. Kilio kilisogea kuelekea jiko la nje, kikawa mguno, kisha ikabaki mvua.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nyuma yake, kwenye kiti ambacho Ndululu alikuwa akikalia, mtu akapiga chafya, taratibu, kama aliyeshiba. Katunge alijifunika leso kichwani na hakugeuka mpaka kulipokucha.

Mvua ilipokatika alifungua. Kwenye mbao za mlango kulikuwa na alama za kucha, na mlango wa jiko la nje ulikuwa wazi. Nzisa alikuwa amelala kando ya mafiga yasiyo na moto, damu imeganda kwenye majivu, kitoto amekifunga kifuani kwa leso. Wote wawili walikuwa wamepoa.

Kavindu alimkuta hapo, ameketi chini. Alikuwa amekuja mbio, kitu kidogo cheusi kimefumbatwa mkononi, na maneno yalikuwa yameshamtoka kinywani kabla macho hayajaona.

"Nisamehe, mama. Aftin huchomoa betri na kuichaji kando, akasahau kuirudisha. Jana nilikuletea simu bila betri."

Kisha akaona, akapiga yowe.

Katunge aliinuka. Alienda mezani, akaichukua simu, ile ile nyepesi, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha. Pale pa betri palikuwa pamejaa ugoro, uliosagwa karibuni, wenye harufu ya mumewe.