Viza ya Mara Moja

Nusu ya kisa hiki ilinipata mimi mwenyewe. Nusu nyingine kanisimulia mkwe wangu, mume wa binti yangu, jana asubuhi akinimenyea viazi. Naziunganisha hapa, wajukuu zangu wa mtandaoni. Mnivumilie, kidole changu kinatafuta herufi moja moja.

Mwanangu wa kumzaa aliniacha mpakani...

Alisimama upande wa pili wa kioo, tumbo la miezi minane mbele yake, pochi yangu begani kwake na simu yangu ndani ya hiyo pochi. Akaongea na askari wa uhamiaji. Kisha akageuka, akaenda zake.

Hakunitazama hata kidogo.

Ngoja nianze mwanzo.

Nilikwenda nchi ya watu kumtembelea binti yangu, likizo ya miezi mitatu. Sikufuata maghorofa wala maduka. Nilifuata tumbo lile. Ni mjukuu wangu wa kwanza, na nilitaka akitoka mikononi mwa mkunga aingie mikononi mwangu.

Siku moja mkwe akasema amepata mapumziko, tutoke tukatembee. Akanipa nichague: bustani ya maua, maporomoko ya maji, au mji wa ng'ambo ya mto, ambao ni nchi nyingine kabisa. Daraja tu, unavuka kwa miguu. Binti yangu akapendekeza bustani, miguu ilikuwa imemvimba.

Mimi nikachagua ng'ambo.

Nilikuwa namfikiria mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama kule nyumbani, yule anayejifanya kafika kila mahali. Nchi mbili kwa safari moja! Angekosa pa kuuweka uso.

Mkwe akauliza kama viza yangu inaruhusu. Nikamjibu kifua mbele kwamba viza yangu haina longolongo, ni ya mara moja. Naye akaelewa kwamba ilitoka haraka, akanipongeza, akasema wengine wanasota wee mpaka wanakata tamaa.

Tukavuka. Upande ule wakanigongea muhuri wa mwezi mzima bila neno. Tukazunguka madukani, nikapigwa picha na sanamu ya farasi. Mchana binti akasema mgongo unamuuma, tukarudi darajani.

Wao wakapita na vitambulisho vyao vya ukaazi. Pasipoti yangu askari akaipekua, akaifunga.

"Bibi, huwezi kuingia. Viza yako ni ya kuingia mara moja."

"Ndiyo, mwanangu. Na mimi naingia mara moja tu hivi, sitakuchelewesha."

Akashusha pumzi.

"Siyo mara moja ya haraka, bibi. Ni mara moja ya kuhesabu. Uliingia, ukatoka. Imekwisha."

Jamani... Mimi tangu siku niliyoambiwa neno lile ofisi ya viza, nilijua nimependelewa nisikalishwe foleni!

Wakaniweka kwenye chumba kilicho kati ya milango miwili. Wa mbele unafunguliwa kwa kadi ya askari. Wa nyuma vilevile. Benchi la chuma limepigiliwa sakafuni, feni inazunguka bila kuleta upepo.

Mbele siruhusiwi. Na nyuma, askari akanieleza, ule muhuri wao ulikwisha nilipotoka, hawaniachii mpaka ajitokeze mtu wa kunipokea, mwenye anwani upande ule. La sivyo, napakiwa kwenye ndege, narudishwa kwetu.

Upande ule namjua nani? Farasi wa sanamu.

Ndipo binti yangu alipokuja kwenye kioo, akanong'ona na askari, akanipa mgongo.

Nilikaa. Nikamkasirikia, nikamsamehe, nikamkasirikia tena. Nikamwona mawazoni mjukuu wangu anazaliwa, naletewa kwenye simu, nampapasa kioo. Nilipoomba kwenda msalani, askari wa kike alinisindikiza akanisubiri mlangoni, kama nimeiba kuku.

Jua lilikuwa limeanza kuinama mlango wa nyuma ulipofunguka.

Binti yangu. Alikuwa amevuka tena kwa njia ya wanaotoka. Nyuma yake mumewe na begi kubwa, shuka za mtoto zimechomoza kwenye zipu.

"Mama, inuka. Nimepata chumba huku."

"Chumba cha nani?"

"Chetu. Wewe umekatazwa kuingia. Mimi sijakatazwa kutoka."

"Na daktari wako je?"

"Kwani huku watu hawazai, mama?"

Sasa nusu ya mkwe. Jana, na viazi vyake, aliniambia kwamba yeye ndiye aliyetaka nirudishwe. Aliogopa mkewe kuzalia ugenini. Walipofika nyumbani tu akaanza kutafuta tiketi kwenye simu. Binti yangu hakubishana naye. Alifungua kabati, akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Wewe tafuta tiketi," alimwambia. "Mimi natafuta chumba."

Mkwe akaweka simu chini, akashika begi.

Na pale kwenye kioo? Mkwe alimuuliza. Akajibiwa kwamba angenitazama angelia, nami ningeanza kumbembeleza kwa ishara, na ofisi zingefungwa tukiwa pale pale.

Mkwe sikumgombeza. Kakiri mwenyewe, na viazi kavimenya vizuri.

Wanangu, mtu akikupa mgongo, usimhukumu kabla hujajua anaelekea wapi. Mimi nilimhukumu mwanangu kwa saa kadhaa, naye alikuwa ananitafutia kitanda.

Kitanda chenyewe kimoja, na dirisha la chumba halifunguki. Nikawaambia nimetoka kifungoni nimeingia kifungoni, tukacheka mpaka binti akashika ubavu. Mwanga wa jua ungali ukutani, mkwe akalala sakafuni na viatu vyake. Binti yangu akanigeuzia mgongo, safari hii akiusogeza kifuani kwangu, akalala.

Aliyegoma ni wa tumboni. Mateke tu. Nikaweka kiganja pale anaporusha, nikamwambia bibi yupo, asiwe na haraka.

Nilikuwa nimeshaanza kupotelea usingizini aliporusha moja dogo, la mwisho. Kisha naye akalala.