Baba Mapacha na Sikio la Kulia

Kila asubuhi Baba Mapacha alibeba koleo lake akaenda mtaroni. Ilikuwa kazi ya mradi wa serikali. Watu wasio na ajira walizibua mitaro ya mji kwa muda, huku wakitafutiwa kazi za kudumu. Baba Mapacha alikuwa mchapakazi, lakini msimamizi hakumpenda.

"Umetia pamba masikioni?" msimamizi alifoka. "Nakuagiza reki, unaniletea ndoo!"

"Sikio la kufa halisikii dawa," wenzake walitania.

Baba Mapacha alicheka nao, lakini moyoni aliumia. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Ngurumo zake zilimharibia sikio la kulia. Sasa hata la kushoto lilikuwa likiziba. Aliyeijua siri hiyo ni mkewe tu.

"Waambie, mume wangu," Mama Mapacha alimsihi huku akimfunga vifungo vya shati. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikisema sisikii, nani atanipa kazi?"

Siku moja lori la mchanga lilikuwa likirudi nyuma. Watu walipiga kelele. Baba Mapacha alikuwa ameligeuzia mgongo, anachimba tu. Mwenzake mmoja akamrukia, wakaanguka wote wawili matopeni. Gurudumu likapita juu ya koleo.

"Mkaidi huyu atatuletea msiba!" msimamizi alifoka. "Kesho asije!"

Siku hiyo alikuwapo dada wa ofisi ya ajira, aliyekuja kuzungumza na vibarua.

"Kabla hujamfukuza," alisema, "niache nimsikilize."

Waliketi kivulini. Dada akainama kummiminia maji, akamuuliza kama ameumia. Kimya. Akainua uso, akauliza tena. Papo hapo Baba Mapacha akajibu, "Sijaumia, mwanangu."

Dada akasogeza kiti, wakawa uso kwa uso.

"Baba, unanielewa ukiuona mdomo wangu, sivyo?"

Machozi yakamlenga Baba Mapacha. "Usinifukuze. Nina watoto."

"Sikufukuzi. Kazi yangu ni kuuliza ni kitu gani kinamzuia mtu kufanya kazi vizuri. Kuna asiye na wa kumwachia mtoto. Kuna asiyejua kusoma. Kuna anayekaa mbali na hana nauli. Tusipouliza, tunamwita mtu mvivu au mkaidi bure. Tukikijua kizuizi, tunatafuta njia pamoja naye."

Msimamizi alikuwa amesimama karibu. Akavua kofia.

"Ndugu yangu, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafoka."

"Kumbe kufoka ulikusikia?"

"Nilikuona!"

Wakacheka wote, na msimamizi akampa mkono.

Kesho yake Mama Mapacha alifuatana na mumewe hospitalini. Daktari alitoa nta iliyoziba sikio la kushoto, likafunguka. La kulia halikupona.

"Usichokoe masikio kwa njiti," daktari alimwonya. "Na kwenye kelele nyingi, yazibe."

Mtaroni mambo yakabadilika. Msimamizi aliacha kumwita kwa nyuma. Alikuja mbele yake, akainua mkono, ndipo akasema. Akampanga mbali na malori. Reki ikiagizwa, ilikuja reki.

Mradi ulipokaribia kwisha, dada alipata habari kwamba kitalu cha miche kinataka mfanyakazi. Mama Mapacha alimsindikiza mumewe hadi kwenye geti la kitalu, akampangusa vumbi mabegani.

"Utasema?"

"Nitasema."

Ndani, mama mwenye kitalu alianza kuzungumza huku akitazama dirishani.

"Samahani, mama," Baba Mapacha alisema. "Sikio langu la kulia halisikii. Ukisema nami, nitazame. Kazi yangu utaipenda."

Mama yule akageuka, akamtazama vizuri.

"Haya. Mche unanyauka, na udongo wake umelowa. Una nini?"

"Mizizi inaoza. Maji yamezidi."

Alipotoka, mkewe alimkimbilia. "Wamesemaje?"

"Nianze Jumatatu."

Mama Mapacha akalia, akacheka, akalia tena. Kisha akahamia upande wake wa kushoto, akamshika mkono, wakaenda nyumbani wakizungumza taratibu.