Viraka vya Shemeji

Aliyepatwa na haya ni rafiki yangu, mwandishi wa programu, si mtu wa porojo. Mchana mmoja alikuwa akipachika viraka, yaani marekebisho ya programu, ambavyo shemeji yake alikuwa akimtumia muda huohuo kwa barua pepe. Vitatu viliingia vizuri, cha nne kikagoma. Mara umeme ukakatika, chumba kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Akampigia shemeji simu.

Akapokea dada yake, analia. “Kaka, walituvamia asubuhi! Wamemponda mume wangu vidole kwa nyundo, kisha kichwa. Amekufa!”

Nyuma ya kilio, vitufe vya kompyuta vilikuwa vikigongwa harakaharaka.

“Nani anachapa hapo?”

“Hakuna mtu, kaka. Niko na maiti peke yangu.”

Vitufe havikunyamaza.