Siku Tisa za Kilo Sitini na Nane

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Salome alimpeleka baba yake kupimwa uzito kama gunia la mpunga. Mizani iliyokuwa karibu na nyumbani kwao, pale Segese, ilikuwa ya Mzee Donatus, mwenye mashine ya kukoboa.

"Mwangaluka, Masele!" Mzee Donatus alimsalimu Baba kwa Kisukuma. "Gunia la leo ni la mchele au la pumba?"

"Mchele mtupu," Baba alijibu, akavua viatu na kupanda kwenye mizani. "Haya, mama, nisomee."

"Sitini na nane," Salome alisema, akaandika kwenye daftari.

Miezi mitatu kabla ya hapo hapakuwa na utani. Baba alikuwa ndani ya duara, lile shimo refu la wachimbaji wadogo wa dhahabu, kifua kilipombana ghafla. Wenzake walimvuta juu kwa kamba, jasho likimtiririka. Hospitalini Kahama, Daktari Ritha aliwaeleza kuwa mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo uliziba, na sehemu ya moyo ikaumia kwa kukosa damu. Baba alipona, lakini moyo wake haukuwa na nguvu kama zamani.

"Moyo dhaifu ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa mwilini taratibu," daktari alisema. "Mpime kila siku. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, mje siku hiyohiyo."

Mama alikuwa Ushirombo akimuuguza Bibi, na macho ya Baba hayakuona vizuri namba ndogo. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya Salome, msichana wa miaka kumi na miwili, na aliifanya kwa moyo wote.

Kisha yakaja mashindano ya netiboli. Mwalimu Paskalina alipanga mazoezi alfajiri. Siku ya kwanza Salome alitoka mbio akiwa na mkate mkononi.

"Leo hatuendi kwa Donatus?" Baba aliuliza.

"Kesho, Baba. Nimechelewa!"

Jioni alifungua daftari, akaona nafasi tupu ikimtazama. Akajiambia, "Wiki zote hizi ni sitini na nane tu. Itabadilikaje leo?" Akaandika sitini na nane. Kesho yake akaandika tena. Siku ya tatu hakujiuliza chochote.

Siku ya tisa, wakiwa uwanjani, rafiki yake Eunice alimtania. "We Salome, baba yako kawa bosi siku hizi? Miguu imenona mpaka viatu vimemkataa, anatembea na kandambili!"

Wasichana wakacheka. Salome naye alianza kucheka, kisha akanyamaza. Alikumbuka kwamba Baba alikuwa akilalia mito miwili, akisema akilala chali anakosa pumzi. Hata hivyo, jioni aliandika tena sitini na nane. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki kule Kahama.

"Shikamoo, daktari," alisema walipoingia.

"Marahaba, msaidizi wangu. Lete daftari."

Daktari Ritha alilisoma, akatazama karatasi ya vipimo, akalisoma tena. Mizani ya hospitali ilikuwa imeonyesha kilo sabini na mbili.

"Jana sitini na nane, leo sabini na mbili?" aliuliza.

"Basi ni mizani ya Donatus!" Baba alisema kwa hasira, akihema. "Kumbe anawapunja watu! Nikirudi Segese, soko zima litajua."

"Subiri, Mzee Masele. Damu nayo ina maneno yake," daktari alisema. "Moyo ukilemewa hutoa homoni. Homoni hiyo ni peptidi, yaani kipande kidogo cha protini. Husafiri kwenye damu hadi kwenye figo na kuziambia: toeni chumvi na maji, mzigo umenizidi. Mwezi uliopita ilikuwa kidogo. Leo imepanda mara nne. Moyo wako unaomba msaada." Akachukua kalamu. "Lakini kama maji yameongezeka kwa usiku mmoja, huenda mshipa mwingine umeziba. Itabidi nikuandikie rufaa uende hospitali kubwa ya Mwanza sasa hivi."

Salome aliangalia kalamu ikigusa karatasi. Akasimama.

"Daktari, mizani ya Mzee Donatus ni nzima. Mimi ndiye mbaya. Siku tisa hizi sikumpima Baba. Namba nilizitunga."

Baba alimtazama, akainamisha kichwa.

"Miguu ilianza kuvimba lini? Usinifiche," daktari alimuuliza Salome.

"Kama wiki moja iliyopita," Salome alijibu huku machozi yakimtoka. "Na analalia mito miwili."

"Na dagaa wa chumvi niliomkataza, amekula?"

"Hao niliwala mwenyewe," Baba alisema kwa sauti ndogo. "Nilijiona nimepona."

Daktari alimpima Baba moyo kwa mashine, kisha akashusha pumzi. Hapakuwa na mshipa mpya ulioziba. Maji yalikuwa yamejaa polepole. Baba alilazwa, akapewa dawa ya kutoa maji, na siku ya nne akaweza kulala kwa mto mmoja.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimrudishia Salome daftari. Alikuwa amezifuta zile namba tisa kwa mstari. "Ungeandika 'sikupima', ningejua la kufanya," alisema. "Namba ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu daktari huiamini. Ukikosea, sema mapema, kabla mgonjwa hajalipia kosa lako."

Salome alimweleza Mwalimu Paskalina kila kitu, naye akamruhusu kufika mazoezini akishamaliza kupima. Asubuhi iliyofuata walikuwa tena kwenye mashine ya kukoboa.

"Gunia limerudi!" Mzee Donatus alipaza sauti.

Baba alipanda. Salome aliinama, akasubiri hadi mshale ulipotulia kabisa. Ilikuwa namba ileile aliyoitunga mara tisa. Safari hii aliiona kwa macho yake, ndipo akaandika: sitini na nane.