Rangi Juu ya Ufa

Majirani, leo nitasema, na atakayenuna anune.

Nyumba ya yule fundi rangi mliisifu wote. Asubuhi mke anafagia ua, mume anaosha brashi zake, binti yao anaimba jikoni huku akisuuza vikombe. Ukipita unasikia raha. Kumbe ukuta wa jiko hilohilo ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole.

Ukuta ule aliujenga kaka wa mke, na saruji aliipunja, nyingine akaiuza. Fundi rangi alilijua hilo. Lakini amwite shemeji yake mwizi? Mke asingekubali.

"Kaka yangu ataonekanaje mbele za watu?" alimwambia. "Wewe si fundi? Ziba."

Akaziba, akapaka rangi. Ufa ukarudi, akapaka tena. Mama yake mzazi akamwambia, "Mwanangu, ukuta huu umeinama." Akajibiwa kwamba macho yake yamechoka. Jamani, mtu mzima na akili zake anaupaka rangi ukuta unaotaka kuanguka!

Mvua ikanyesha kutwa nzima, ukuta ukamwangukia binti. Nilisaidia kumtoa mimi mwenyewe; matofali yalikuwa yamemlalia tumboni, na mguu mmoja umevimba. Mngedhani hapo ndimi zingefunguka. Thubutu! Hospitalini daktari anauliza, mama anajibu kavukavu, "Ameteleza, ameumia mguu." Baba anatazama viatu vyake. Daktari akaanza kuufunga mguu, na mtoto anazidi kupauka.

Hasira zikanipanda. "Daktari, huyu mama anakudanganya," nikasema. "Mtoto ameangukiwa na ukuta. Mtazame tumbo."

Wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Damu ilikuwa ikivujia ndani. Wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazika.

Binti amepona. Mama yake alinifuata mlangoni, nikadhani anakuja kunishukuru. "Umetuvua nguo," akaniambia. Hatusalimiani mpaka leo, wala sijutii.

FUNZO

Ukilifunika kosa la ndugu yako, hujamsitiri. Umemtafutia mtu mwingine wa kuumia kwa ajili yake, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto. Aibu ya mtu isitiri, hatari itangaze. Na daktari akikuuliza, mwambie kweli, hata kama shemeji yako amesimama hapohapo anakukodolea macho.