Siku Mdadisi wa Ajira Alipobisha Hodi

Kila asubuhi baba alivaa ovaroli yake ya buluu, akanywa chai amesimama, kisha akatoka mbio mbio kama mtu anayewahi zamu. Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Kwanini kwa jinsi asivyochoka kuuliza, aliongozana naye hadi njia panda. Zamani baba alikata kushoto kwenda kiwanda cha nyuzi. Siku hizi alikata kulia, kwenda kutafuta kazi. Kiwanda kilikuwa kimeleta mitambo mipya inayojiendesha, na mafundi wengi, baba akiwamo, wakaachishwa kazi.

"Jambo hili tulimeze humu humu ndani," baba alikuwa amesema.

Kwa hiyo majirani walipouliza, Kwanini alijibu, "Baba yuko kazini," huku akiangalia pembeni. Uongo huo ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi moja wote walikuwa sebuleni. Mama alikuwa akishona vifungo kwenye mashati ya wateja, na kaka amejinyoosha mkekani. Ikapigwa hodi. Akaingia mwanamke mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi.

"Mimi ni mdadisi kutoka ofisi ya takwimu," alisema baada ya salamu. "Tunapima hali ya ajira nchini, na nyumba yenu imechaguliwa kwa bahati nasibu. Majina yenu hayatatajwa popote."

Akaanza na mama. "Wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote ya kukuingizia kipato, hata kwa saa moja?"

"Vifungo hivi tu," mama akacheka. "Hii nayo kazi?"

"Ni kazi. Ungependa kufanya zaidi ya hapo?"

"Ningependa sana! Wateja wenyewe hawaji kila siku."

Mdadisi akamgeukia kaka, ambaye alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita. "Na wewe, mdogo wangu?"

"Sina kazi."

"Umeitafuta hivi karibuni?"

"Nilitafuta mpaka soli za viatu zikaisha. Sasa nimechoka, nimeacha."

"Basi, kwa kipimo chetu, hutahesabiwa kati ya wasio na ajira. Anayehesabiwa humo ni asiye na kazi, anayeitafuta, na aliye tayari kuianza. Wewe utaingia kundi la waliokata tamaa."

Kaka akaketi kitako. "Yaani hata ukosefu wa kazi nimeukosa?"

Wote wakaangua kicheko, mdadisi mwenyewe akiwamo. Kisha akamtazama baba. "Na wewe, ndugu yangu?"

Baba akainyoosha kola ya ovaroli. "Mimi ni fundi wa kiwanda cha nyuzi. Nipo kazini."

Kicheko kikakatika. Sindano ya mama ikasimama hewani. Kwanini akahisi ule mwiba ukimchoma tena.

"Shangazi," aliuliza taratibu, "jibu likiwa si sahihi, inakuwaje?"

Mdadisi hakumtazama baba. Alimtazama mtoto. "Mama yako akipika mchuzi, anaunywa wote ili ajue kama chumvi imekolea?"

"Hapana. Anakoroga, halafu anaonja kijiko kimoja."

"Hivyo ndivyo tufanyavyo. Hatuwezi kuingia kila nyumba, kwa hiyo tunachagua chache, huku na huku, bila upendeleo. Nyumba yenu inasimama kwa niaba ya mamia ya nyumba ambako sitabisha hodi. Nikiandika lisilo la kweli hapa, na hao wote nitakuwa nimewakosea."

Kwanini akaduwaa. Akaitazama sebule yao: ukuta uliobanduka rangi, kochi lililobonyea katikati. Akaona kama kwamba kuta zimerudi nyuma na familia hizo zote zimeingia, zikakaa kimya, zikisubiri baba aseme.

"Dada," baba akasema hatimaye, "futa hapo. Niliachishwa kazi mitambo mipya ilipokuja. Kila siku natafuta. Nilidhani nimeachwa kwa sababu sifai."

Kwanini alikuwa amemwona baba akibeba vyuma ambavyo watu wawili walishindwa kuvitikisa. Lakini hakuwahi kumwona na nguvu kama zile za kusema maneno hayo.

"Sababu ni nyingi, ndugu yangu," mdadisi akasema. "Mwingine mashine imechukua nafasi yake. Mwingine biashara imedorora, mwajiri akapunguza watu. Kuna kazi za msimu, mavuno yakiisha nazo zimekwisha. Na vijana wengi, walichosomea sicho kinachotafutwa. Kukosa kazi si kutofaa."

Kesho yake baba alimweleza jirani yao, fundi umeme, ukweli wote.

"Kumbe!" jirani akashangaa. "Mimi nilidhani bado uko kiwandani! Hospitali inahitaji fundi wa mashine za kufulia. Ila ujifunze mota za umeme kwanza."

Baba akaingia chuo cha ufundi, kozi fupi, akiketi dawati moja na vijana wa rika la mwanawe. Kaka naye akaona haya kubaki mkekani, akajiandikisha. Kozi ilipokwisha, baba alifanyiwa majaribio hospitalini, akaajiriwa.

Miezi ikapita. Jioni moja redio ikatangaza matokeo ya upimaji ule: ni wangapi wasio na ajira, kati ya kila watu mia walio kazini au wanaotafuta kazi. Ilikuwa sentensi moja tu, kisha zikaingia habari za michezo. Kwanini akabaki ameshika ufagio, macho yamemtoka.

"Baba! Na wewe umo humo!"

"Nimo, mwanangu," baba akajibu kwa sauti ya chini. "Nimo na watu wengi nisiowajua. Ukificha shida yako, hakuna wa kukusaidia, na wenye shida kama yako unawaficha pia. Siku ile nilidhani naitangaza aibu yangu. Kumbe nilikuwa nawasemea watu."